Saa za Swala Minneapolis

Wapiga picha wanaotaka kuonyesha maisha ya Waislamu wa Minneapolis, Marekani, huja siku ya Idi, kanzu zikiwa mpya na watoto wametiwa hina, kisha huondoka. Kwa maoni yangu, kinachostahili kuhifadhiwa ni Jumanne ya kawaida mtaani Cedar-Riverside, hasa namna watu wanavyopanga kazi zao kwa saa za swala zisizotulia.

Sisi tuliokulia Mombasa tumezoea Magharibi inayoingia karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Hapa ya Desemba huingia kiasi cha saa kumi na nusu, mtu akiwa bado kazini, ilhali ya Juni hungoja saa tatu usiku, Isha ikasogea hadi karibu saa tano, na kabla ya saa kumi Alfajiri imeshaingia. Mwenye zamu ya asubuhi hulala vipande vipande msimu wote huo.

Ndiyo maana suala la adhana lilikuwa zito. Ramadhani ya mwaka 2020, misikiti ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, msikiti wa Dar Al-Hijrah ulipata kibali cha kuadhini kwa kipaza sauti. Mwaka 2022 jiji liliruhusu jambo hilo kwa jumla, lakini kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku tu, kwa hiyo Alfajiri ilibaki nje, na Isha ya kiangazi vilevile. Kikomo hicho kiliondolewa na baraza la jiji Aprili 2023.

Wakati wa baridi, mlangoni mwa msikiti hujaa mabuti yenye chumvi ya barabarani, na hapo hufufuka somo tulilolikariri madrasani bila kulihitaji: wakati wa kutawadha, kupaka maji juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, kwa muda wa mchana na usiku mmoja kwa mkaazi, siku tatu kwa msafiri. Kwa kuwa wengi wetu, Wasomali na Waswahili, ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ambayo kwa kawaida hayakubali kupaka juu ya soksi nyepesi za kitambaa, ubishi kuhusu soksi za pamba hauishi. Mzee mmoja aliyeishi miaka mingi Dadaab, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, huukata kwa Kiswahili safi: anayeogopa maji baridi anunue za ngozi, au awahi nyumbani atawadhe huko.