Nimewakuta Simba wa Tsavo Chicago

Nimezaliwa Voi. Kwetu mtoto akikataa kulala hatishwi kwa zimwi, anatajiwa simba wa Tsavo. Marehemu babu alikuwa mtu wa reli, na kila tulipovuka mto Tsavo kwenda Nairobi alinyoosha kidole dirishani na kusema, "Hapo ndipo watu walipoliwa." Asichowahi kunieleza, labda naye hakujua, ni kwamba simba wenyewe wako Marekani, wamewekwa nyuma ya kioo.

Basi dada yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ni muuguzi huko Chicago, aliponialika mwezi Mei, nilimjibu nakuja, lakini safari yangu ni ya kuwaona simba. Akacheka. "Simba hao hawaendi popote, kaka. Wako hapo karibu miaka mia. Kwanza zunguka mji."

Siku ya kwanza nikapotea. Dada anakaa Rogers Park, kaskazini kabisa, na treni za mji ule, wenyeji huziita "L", zinajulikana kwa rangi na kwa kituo cha mwisho. Jioni nilitakiwa kupanda ya laini nyekundu inayokwenda Howard. Nikapanda nyekundu, ndiyo, ila ya kwenda kusini. Usingizi wa uchovu wa safari ya ndege ukanichukua, na nilipozinduka tumefika 95th, mwisho wa reli, kituo kikiwa katikati ya barabara kuu, magari yananguruma kushoto na kulia. Mzee mmoja mwenye kofia ya besiboli alinitazama, akatazama simu yangu iliyozima, akanielekeza kwa mkono tu. Saa nzima na zaidi kurudi. Dada alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo aibu yangu haikuonekana na mtu.

Kesho yake nilipanda boti ya mtoni, na kama una nafasi ya jambo moja tu Chicago, fanya hilo. Mto unapita katikati ya majengo kama mtaro kati ya kuta, na mwongozaji, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, anakueleza lipi lilijengwa lini na kwa nini. Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, watu wapatao 300 wakafa na 100,000 hivi wakakosa makazi. Walipojenga upya walijenga kwenda juu. Ila kilichonishika si majengo, ni mto wenyewe. Zamani ulimwaga uchafu wote wa mji ndani ya Ziwa Michigan, na maji ya kunywa yalitoka ziwa hilohilo. Wakachimba mfereji wa kilomita 45 hivi, na mwaka 1900 mto ukageuzwa, ukaanza kutoka ziwani badala ya kuingia. Nikamwuliza yule mama, sasa uchafu ukawa unaenda wapi? Akatabasamu. Ulielekea kwenye mto Mississippi, kwa watu wa St. Louis, ambao jimbo lao lilikwenda mahakamani na mwaka 1906 likashindwa. Abiria wengine walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nawawaza hao wa St. Louis.

Chini ya daraja la DuSable alitueleza kuhusu mwenye jina. Jean Baptiste Point du Sable alikuwa mtu mweusi, na ndiye mgeni wa kwanza kuweka makazi ya kudumu hapo mdomoni mwa mto, miaka ya 1780, katika nchi ya Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa huko. Mimi nilidhani Chicago ilianzishwa na wachinjaji wa ng'ombe.

Haragwe nililiona pia, lile sanamu kubwa la chuma lenye umbo la haragwe. Rasmi linaitwa Cloud Gate, kazi ya Anish Kapoor, mabamba 168 ya chuma cha pua yaliyounganishwa hadi huoni mshono. Liko bustani ya Millennium na kuliona ni bure. Unasimama, unajitazama umekuwa mfupi na mnene, unapiga picha, umemaliza.

Jengo la Willis Tower sikutaka kupanda, dada alilazimisha. Lina urefu wa mita 442, na ghorofa ya 103 kuna visanduku vya kioo vinavyotokeza nje ya ukuta zaidi ya mita moja. Unakanyaga hewa. Niliweka mguu mmoja, nikaona teksi chini kama punje za mahindi, nikarudisha mguu. Lililonituliza ni habari ya aliyelibuni umbo lake. Mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, alilisimamisha kama mirija tisa iliyofungwa pamoja ili upepo usilitikise sana. Nikamwambia dada namwamini mzee Khan, ila kwa mguu mmoja.

Mchana tulikula soseji ya Chicago, ndani ya mkate wenye mbegu nyeusi. Juu yake haradali, kitunguu, nyanya, tango la siki na pilipili ndogo za kijani. Ni kachumbari imepanda juu ya soseji. Nikaomba tomato sosi. Muuzaji akaacha kufunga karatasi, akaniangalia, kisha akamwangalia dada kwa huruma. Kumbe huko ni tusi.

Ziwa nalo lilinidanganya. Victoria nimeiona Kisumu, na gugumaji lake. Hili lina rangi ya bahari ya Diani, na mchanga, na mawimbi. Nikavua viatu. Nilitoka mbio kama niliyekanyaga makaa, maana ile si baridi, ni maumivu.

Siku ya tatu nikaenda kwa simba, peke yangu. Unashuka kituo cha Roosevelt na kutembea kuelekea ziwani, na pale daraja linapopanda nikakumbuka nimeiona njia hii kwenye televisheni. Ndicho kilima cha mwisho cha mbio za marathoni za Chicago. Kelvin Kiptum alipita hapo tarehe 8 Oktoba 2023, akakata kushoto na kumaliza kwa saa 2, sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia. Miezi minne baadaye ajali ikamchukua. Nilipanda kilima kile polepole, bila kuwa na haja ya kupumzika.

Ndani ya jumba la makumbusho, Field Museum, unapokelewa na ndovu wawili wanaopigana. Nao ni wa kwetu, waliletwa na Carl Akeley kutoka safari yake ya mwaka 1905 na 1906. Watoto wote wanakimbilia mifupa ya dinosaria. Mimi nikauliza simba.

Wako wawili, mmoja amesimama, mwingine amejilaza. Hawana manyoya ya shingoni. Mwaka 1898, kuanzia Machi hadi Desemba, walivamia kambi za wajenzi wa daraja la reli la mto Tsavo, Wahindi na Waafrika. John Patterson, mhandisi aliyewaua, alidai walikula watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya yao walikadiria 35 hivi. Mmoja alikuwa na jino bovu, na wapo wanaosema maumivu ya jino ndiyo yaliyomfanya atafute nyama laini. Baada ya kuwaua, Patterson aliwatandika kama mazulia nyumbani kwake miaka 25, kisha mwaka 1924 akawauza kwa jumba hili kwa dola 5,000. Ndiyo maana wanaonekana wadogo. Ngozi ya zulia hukatwa pembeni, na mjazaji akabaki na kilichobaki.

Nilisimama hapo muda mrefu. Nilitarajia hasira, au hofu ya utotoni. Nilichohisi ni kama kumkuta mtu wa kijijini kwenu ugenini, mtu ambaye nyumbani msingesalimiana.

Mtoto wa miaka sita hivi alimwambia baba yake hawa ni simba majike. Sikuvumilia. Nikamweleza ni madume, ila huko watokako ni joto na miiba, na madume wengi hawafugi manyoya. Baba akauliza kwa heshima kama nafanya kazi hapo.

"Hapana," nikamwambia, "mimi ni jirani yao."

Nikampigia mama picha na kuituma. Voi ilikuwa saa mbili usiku. Baada ya dakika kumi ikaja sauti yake, na nyuma yake nasikia sufuria.

"Mwanangu, ndio hao? Mbona wamekonda hivyo? Huko hawapewi chakula?"