Kabla hujamtuhumu ndugu yako, angalia juu ya bwawa

Kuna ugomvi ninaousikia sana kwa Watanzania wenzangu huku Uingereza, hasa sisi wa kanda ya ziwa. Mtu anatuma hela nyumbani, bwawa linachimbwa, vifaranga vya sato vinapandikizwa, chakula kinanunuliwa kila mwezi. Siku ya kuvuna, samaki hawafiki hata nusu ya waliotarajiwa. Simu zinaanza. "Nani kawauza?" Mdogo mtu anaapa kwa Mungu hajagusa hata mmoja, mkubwa hamwamini, mama anabaki katikati. Nawajua ndugu wa tumbo moja ambao hawasalimiani kwa jambo hili, na linaniuma, kwa sababu mara nyingi aliyewala hao samaki ana mabawa.

Kazi yangu huku ni bustani. Nyumba nyingi ninazohudumia zina vibwawa vya samaki wa mapambo, na adui yao ni korongo wa kijivu. Sheria ya mwaka 1981 inamlinda, mwenye bwawa haruhusiwi kumuua, kwa hiyo watu wamelazimika kujifunza kumzuia. Kwa kawaida hatui katikati ya maji. Anatua pembeni, anaingia kwa miguu taratibu mpaka kwenye kina kifupi, anasimama bila kutikisika, kisha shingo inafyatuka. Madukani wanauza korongo wa plastiki, eti wa kweli akimwona atapita mbali. Kwa mteja wangu mmoja nilikuta wa kweli amesimama hatua chache kutoka kwa wa plastiki, anaendelea kuvua. Kinachosaidia ni wavu uliokazwa, kingo zilizosimama wima, maji yenye kina, na mahali pa samaki kujificha.

Bwawa letu sisi liko Luchelele, Mwanza, upande wa Nyegezi, ziwa liko karibu. Huko korongo ni mmoja tu kati ya wengi. Kuna yangeyange, kuna mnandi, yule mweusi anayezama na kumfukuza samaki chini ya maji, halafu anakwenda kutanua mabawa juu ya mawe ayakaushe. Lakini anayemaliza vifaranga ni mdiria, yule wa madoa meusi na meupe. Mdogo wangu alinirekodia video yake nikaitazama mara nyingi. Anasimama hewani juu ya bwawa, mabawa yanapiga harakaharaka, mdomo umeelekea chini, kisha anajiachia. Akiibuka ana kifaranga. Kikiwa kidogo sana anaweza kukimeza hukohuko hewani. Kikimzidi kidogo anakipeleka kwenye mti, anakibamiza huku na huku mpaka kitulie, anakimeza kichwa kwanza. Baada ya muda mfupi amerudi. Fikiria hilo linafanyika kutwa nzima, na wewe uko kazini maili elfu kadhaa kutoka hapo, unapiga hesabu ya mauzo.

Hasara ya ndege haina kelele. Mwizi wa kweli huja na wavu usiku, huchukua wakubwa, na asubuhi utaona kingo zimekanyagwa na maji yamechafuka. Ndege hupunguza wadogo kidogo kidogo kila siku. Ukikuta sato ana tundu ubavuni, au amekufa ukingoni na jeraha la kuchomwa, huyo korongo alimchoma akashindwa kummeza. Ukiona samaki wamegoma kupanda juu kula wakati walikuwa wanapanda vizuri, jua kuna kinachowatisha. Tena kuna minyoo inayoishi kooni mwa korongo. Mayai yake huingia majini, vijidudu hupitia kwenye konokono, halafu huingia kwenye nyama ya sato. Ndivyo vile vivimbe vya manjano unavyovikuta unapomtengeneza samaki.

Tulichokubaliana nyumbani ni kutohangaika na bwawa zima kwanza. Nguvu yote tumeiweka kwa vifaranga. Vinakaa kwenye kizimba cha wavu wa matundu madogo, chenye mfuniko, mpaka vikue vimshinde mdiria. Wavu wa dagaa uliochakaa unatosha kabisa ukishonwa vizuri, na pale mwaloni haukosekani wa kununua. Matundu madogo yana faida nyingine: ndege hanasi shingo wala mguu. Wavu wa matundu makubwa uliolegea unamnyonga ndege bure, na samaki wanaendelea kuliwa kupitia hapo unapogusa maji. Matawi yaliyokuwa yameinamia bwawa tumeyakata, na vijiti vilivyokuwa vimesimama majini vimeng'olewa, maana ndipo mdiria anapopumzikia.

Kingo za wima kama za huku hatukuziiga. Udongo wetu ni wa mchanga, zingeporomoka mvua ya kwanza. Badala yake pembeni tumezungusha wavu mpaka chini kabisa, kwa sababu korongo anatembea.

Sumu nawaomba msiijaribu. Maji hayo yana samaki watakaoliwa na watu, na atakayekufa anaweza kuwa kwazi, mbwa wa jirani, au mtoto. Kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa nyumbani pia.

Kwa hiyo wewe unayetaka kutuma hela ya vifaranga mwezi ujao, tuma ya wavu kwanza. Kama ni wavu wa kufunika bwawa zima, mwambie aliyeko nyumbani apime kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa pili, asipime upana wa maji peke yake, halafu aongeze mita moja kila upande ya kufukia chini. Wavu ukipelea hata kidogo, korongo ataupata huo mwanya.