Mkopo mpya uliokataa kumfuata mwanachama wake: jinsi nilivyotatua

Hatimaye imekubali, naandika kabla sijasahau. Programu ni ya SACCO moja huku Mbarara, kwa lugha ya C#: skrini ya karani, huduma ya kati, kisha hifadhidata ya SQL Server. Majedwali ya Wanachama na Mikopo yamo katika DataSet moja yenye aina (nakala ya majedwali kwenye kumbukumbu, safu zake zikijulikana mapema), inayopita tabaka zote hizo.

Karani akisajili mwanachama pamoja na mkopo wake, hifadhidata inagoma, eti mkopo unaelekeza kwa mwanachama asiyekuwepo. Nilizima kanuni za uhusiano. Mikopo ikaingia bila wenyewe. Kuhifadhi kila jedwali kwa safari yake nako, mtandao ukikatika katikati, unabaki na nusu.

Kilichofaa: AutoIncrementSeed na AutoIncrementStep (namba ya kuanzia na hatua ya namba zinazojipanga zenyewe) ziwe -1, ili namba za muda zisigongane na halisi. Kwenye uhusiano, UpdateRule iwe Cascade, yaani namba ya mwanachama ikibadilika, mikopo yake nayo ifuate. Kisha, katika mipangilio ya ziada ya TableAdapter (kiungo kati ya jedwali la DataSet na hifadhidata), weka tiki pale pa kusoma upya data baada ya INSERT, amri ya kuingiza mstari. Katiki hako kamejificha kweli! Bila hako, -1 haigeuki kamwe kuwa namba halisi ya mwanachama, na Cascade inakosa cha kuishushia mikopo. Kuhifadhi ni wazazi (wanachama) kwanza, watoto (mikopo) baadaye. Kufuta ni kinyume. Vyote ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: ama vyote vifaulu, ama visifaulu hata kimoja.

Majibu yakirudi kwenye skrini, ondoa mistari mipya yenye namba hasi kabla ya kuita Merge, inayounganisha majibu hayo na DataSet ya skrini, la sivyo karani ataona kila mkopo mpya mara mbili.