Kamera ya mbunifu iwe begani, Mikindani

Mbunifu wa michoro akipita Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, bila kamera, anapoteza rangi na maumbo yasiyomngojea: nakshi za milango, mikeka ya ukili, kivuli cha tanga. Iandae kabla ya kutoka. Kwa lenzi ya milimita 28 kwenye sensa (kipokea-mwanga cha kamera) ya milimita 36 kwa 24, weka tundu la lenzi f/8, spidi ya shata sekunde 1/500, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ijipange yenyewe, fokasi mita 3. Kuanzia mita 1.6 hivi hadi ng'ambo ya barabara picha hutoka kali.

Kinyago cha Kimakonde cha mpingo kikijaza fremu, kamera hukiangaza mno hadi kiwe kijivu, kwa hiyo punguza mwanga stopu 1, yaani nusu. Unapotoka kwenye kiyoyozi, joto la pwani huivika lenzi ukungu. Iache mkobani, zipu ikiwa imefungwa, dakika 20 hadi 30. Usibadili lenzi ufukweni. Watu uwaombe kwanza.