Siku moja maishani mwangu: kofia za pama na umri wake, Lubumbashi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumamosi iliyopita, kabla watu hawajaanza kupita kwa wingi hapa Kamalondo, niliwasha mbabula, jiko la makaa, nje ya karakana, na makala yalipokolea nikateleka birika, kwa kuwa kazi yangu karibu yote hutegemea mvuke. Ninasafisha na kunyoosha kofia za pama za felti, zile zilizotengenezwa kwa manyoya ya sungura au ya biva (mnyama wa majini mwenye manyoya mazito), na zile kuukuu zinazonivutia huzinunua na kuzihifadhi. Mvuke huupitisha nje, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, maana mafundi wa zamani walitayarisha manyoya kwa chumvi ya zebaki, na viwanda vya Marekani havikuacha desturi hiyo hadi Desemba 1941. Kofia iliyotangulia mwaka huo inaweza kuwa bado ina mabaki ya sumu. Jirani zangu hucheka wanaponiona nimevaa glavu kwa ajili ya kofia. Wacha wacheke.

Saa mbili. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, yuko mama mmoja muuza mitumba ambaye, akifungua robota na kukuta pama, hunitengea.

“Papa, hii ni kama ya kwenye sinema. Dola kumi na tano.”

“Mama, ngoja kwanza nione tumbo lake.”

Uso wa kofia unaweza kudanganya, kwa sababu ukingo hukatwa upya na utepe hubadilishwa. Nilikunjua taratibu ukanda wa ngozi wa ndani, ule unaogusa paji la uso, na nyuma yake nikaona kikaratasi cha chama cha wafanyakazi wa kofia wa Marekani, kile kilichozaliwa mwaka 1934 pale mafundi wa kofia za felti walipoungana na washonaji wa kofia za kitambaa na za wanawake. Kwenye bitana palikuwa na anwani ya duka iliyoishia “New York 18, N.Y.”, na hiyo namba 18 ilinifurahisha kuliko kofia yenyewe: namba za kanda za posta zilianza kutumika katika miji mikubwa ya Marekani mwaka 1943, na mwaka 1963 zikaja namba za tarakimu tano badala yake. Kwa hiyo haikuwa ya kabla ya 1943, na ni vigumu iwe imeupita sana mwaka 1963. Utepe wake ulikuwa mpana wa vidole vitatu na ukingo ulikuwa mkubwa, mambo ambayo huivuta kofia kuelekea mwanzo wa kipindi hicho, ingawa mitindo ni shahidi dhaifu. Mzee aliyezoea ukingo mpana hakuacha kuununua kwa sababu vijana walianza kupenda mwembamba. Tulielewana kwa dola tisa.

Saa nne. Alifika mzee mmoja mstaafu, mwana wa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, akiwa na pama ya kijivu ndani ya mfuko wa plastiki.

“Mwanangu, hii ni ya marehemu baba. Aliinunua mwaka 1945, vita vilipokwisha. Niandikie karatasi ya kuthibitisha.”

Niliipeleka kwenye mwanga wa mlango. Saizi ilikuwa 58, yaani sentimita, hesabu ya Ulaya bara. Kofia ya Marekani ya kichwa hicho hicho ingeandikwa 7 1/4, na ya Uingereza 7 1/8. Juu ya ngozi, kwa dhahabu iliyokwisha kufifia, jina la mwenye duka halikusomeka tena, lakini chini yake herufi zilibaki: “Élisabethville, Congo Belge”. Kwa mkusanyaji wa Lubumbashi hakuna alama tamu kama hiyo. Congo ya Wabelgiji ilikoma tarehe 30 Juni 1960, na jina la Élisabethville, ndilo la zamani la Lubumbashi, likaondolewa mwaka 1966. Hata hivyo mfanyabiashara hakutupa kofia zake siku bendera iliposhushwa, kwa hiyo alama hiyo inaeleza lini ngozi ilipigwa chapa, si lini kofia iliuzwa. Tena ingeandikwa “Katanga” pekee, nisingethubutu kuihusisha na miaka ya jimbo la Katanga kujitenga na Congo, 1960 hadi 1963, kwa sababu jimbo lilikuwa na jina hilo tangu zamani.

Kilichonitia shaka ni ukingo wenyewe, sentimita tano tu, pamoja na utepe mwembamba, vyote vya kiwandani, bila tundu la sindano ya pili. Nilimwambia: “Mzee, mimi naiona ya mwisho wa miaka ya 1950.” Hakupendezwa. Alisema nyumbani kuna picha, akaondoka kuitafuta.

Saa saba, chakula: bukari (ugali) na mboga ya lengalenga.

Saa nane. Nilipiga brashi kofia ya asubuhi, kwa kuzungusha kinyume cha saa ili nywele za felti zilale upande wake, na mashimo mawili ya nondo nikayaacha kama yalivyo. Utepe uliofifia pia siubadilishi. Mteja akitaka ing’ae kama mpya namfanyia kwenye kofia yake, si kwenye yangu.

Saa kumi. Mzee alirudi na picha. Baba yake amesimama mbele ya kituo cha gari-moshi, na nyuma ya picha pana mwaka 1946 kwa wino. Pama iliyo kichwani ina ukingo mpana unaotia kivuli hadi puani na utepe mweusi unaokaribia nusu ya kimo chake. Tuliziweka pamoja, kofia na picha, akazitazama kwa muda mrefu.

“Basi alikuwa na mbili,” alisema.

“Na hiyo ya kwanza iko wapi, Mzee?”

“Labda kwa dada yangu, Likasi.”

Saa kumi na mbili jioni. Kwenye karatasi yake niliandika: felti, saizi 58, chapa ya Élisabethville, takriban 1955 hadi 1960. Aliomba tena niweke 1945, nikakataa, akaikunja na kuitia mfukoni. Wiki ijayo anapanda basi kwenda Likasi.