Roli za Debussy kwenye bafle za Katuba

Hapa Katuba, Lubumbashi, ampli inanunuliwa kwa ajili ya rumba: besi juu, mtaa mzima usikie. Yangu pia nilinunua hivyo. Lakini siku hizi ninachosikiliza zaidi ni piano zinazojipiga zenyewe, na piano haitaki besi ya namna hiyo.

Ndani ya piano hizo kuna roli ya karatasi yenye matundu. Tundu likifika mahali pake, hewa inavutwa, nyundo inagonga waya. Mwaka 1904 kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, ilitoa mtambo wa Welte-Mignon, uliohifadhi hata nguvu ya vidole. Debussy, mtunzi wa Ufaransa, aliupigia piano. Alifariki 1918, na kurekodi kwa maikrofoni ya umeme kulianza 1925. Bila roli tungebaki na sahani chache zenye mikwaruzo, akimsindikiza mwimbaji Mary Garden. Leo fundi anaweka roli ileile kwenye piano iliyotunzwa vizuri, anatega maikrofoni, nami nachomeka simu kwenye ampli.

Besi naishusha. Bafle nimezipandisha juu ya matofali na kuzitoa kwenye kona, maana kona inaongeza mngurumo. Noti za chini kabisa za piano zina mitetemo isiyofika 40 kwa sekunde, na bafle zangu hazizitoi sawasawa. Sikio lenyewe linazijenga kutokana na sauti za juu zinazoambatana nazo. Ukizidisha besi, umezifunika hizo.

Sikiliza sasa *La cathédrale engloutie*, wimbo wa piano alioutunga Debussy, kwenye roli yake mwenyewe. Binti yangu aliuliza, "Papa, mbona amekimbia?" Amesikia vizuri. Kipimo (kile kipande kidogo kati ya mistari ya wima kwenye noti) cha 7 hadi 12, halafu 22 hadi 83, Debussy anapiga karibu mara mbili ya mwendo wa sehemu nyingine, na kwenye noti zilizochapishwa hakuna alama ya kuongeza kasi. Mtambo ungekuwa umeharakisha, wimbo wote ungekimbia. Hapa kinakimbia kile alichotaka kikimbie, kisha anatulia tena. Ni mikono yake, na mimi namwamini yeye kuliko karatasi iliyochapishwa.

Nguvu ya kugonga ndiyo siiamini sana: mtambo uligawa piano pande mbili tu, noti za chini na noti za juu, kwa hiyo noti za upande mmoja zikigongwa pamoja zinapata nguvu moja.

Betri ya inverta imejaa. Jioni hii ni zamu ya mtunzi Mahler, roli zake za 1905, na sehemu ya kwanza ya Simfonia ya 5 imo.