Kutoka Ziwa la Barafu Hadi Amu

Jumamosi ile ya Januari, kipimajoto nje ya nyumba yetu Minneapolis kilionyesha nyuzi 24 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo huuma. Ukivuta pumzi unahisi pua inaganda kwa ndani. Binti yangu ana miaka minane, na Amu, yaani Lamu, kisiwa chetu cha pwani ya Kenya, alikuwa hajaiona ila kwenye simu, nyuma ya uso wa bibi yake. Tangu alfajiri alikuwa na swali moja: "Mama, bahari ya Amu mtu anaweza kutembea juu yake?"

Maji makubwa anayoyajua ni ziwa la Bde Maka Ska. Majira kama haya watu hulikanyaga kwa miguu, wakatoboa tundu kwenye barafu, wakaketi kuvua samaki. Nikamwambia bahari yetu haigandi, hakuna anayetembea juu yake. Akanitazama kama ninayemficha jambo.

Tulipoingia ndegeni mlango ulifungwa, kisha tukakaa. Kumbe mabawa lazima yasafishwe kwanza. Likaja gari lenye mkono mrefu, likayamwagia dawa ya moto ya rangi ya chungwa kuyeyusha barafu, halafu nyingine ya kijani, nzito, inayong'ang'ania bawa ili theluji mpya isishike kabla ya kupaa. Wenzetu wengine walikuwa wakitazama saa zao. Mimi sikuona dakika moja iliyopotea: hata utando mwembamba wa barafu, wenye kukwaruza kama msasa, huvuruga hewa inayopita juu ya bawa, na bawa lililovurugiwa hewa halinyanyui ndege inavyopasa. Wale vijana waliosimama nje katika upepo ule kwa ajili yetu niliwaombea dua.

Amsterdam tulipita tu. Saa nane za kwanza mtoto alilala. Saa nane za pili nililia kidogo, gizani, ramani ya kwenye kioo ilipoonyesha tumeiacha Mediterania na kuingia Afrika. Miaka saba sijarudi. Miguu ilinivimba, nikawa naamka kila baada ya muda kutembea kwenye ujia, maana damu ikikaa sana miguuni ni hatari, na kazi yangu ya kuhudumia wazee imenifunza kutolipuuza hilo.

Nairobi tulifika usiku, tukalala kwa binamu yangu South C. Asubuhi, uwanja wa Wilson, tuliambiwa ndege ndogo inabeba kilo 15 kwa kila mtu. Tukaacha sanduku moja na viatu vya theluji. Koti lake zito binti alikataa kuliacha. Nilimwelewa; ni kitu pekee cha kwao alichokuwa amekishika.

Kipande hiki cha mwisho ndicho kilichonilipa safari nzima. Ndege inaruka chini, unaona kila kitu: nyika kavu, kisha mto Tana ukijikunja, halafu maji yake ya udongo yakitoka Kipini na kuitia bahari rangi ya chai ya maziwa. Mbele yake mikoko, kijani isiyo na mwisho, imekatwakatwa na mikono ya bahari. Nikamshika binti bega. "Pale." Sikuweza kusema zaidi.

Uwanja uko kisiwa jirani cha Manda, kwa hiyo Amu hufiki kwa ndege, lazima uvuke. Tulitembea hadi gatini, mizigo ikaja kwa mkokoteni, tukapanda boti. Kaskazi ilikuwa ikivuma, ile ile iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni. Nilikuwa naipenda tangu utotoni bila kujua chanzo chake: wakati huu wa mwaka bara la Asia hupoa sana, hewa yake ikawa nzito, ikasukumwa kuja upande wetu, na ikipita juu ya bahari inapata joto. Baridi iliyotuumiza kule ina ndugu yake, naye ndiye aliyekuwa akitupepea mlangoni mwa Amu. Binti akavua koti.

Mama alikuwa amesimama ukingoni, buibui likipeperuka. Hakuniangalia mimi kwanza.

"Ndoo, mwana wangu, ndoo!"

Yaani njoo. "Naya, bibi," naja, akajibu mtoto, kwa Kiamu safi alichokiokota simuni, na wabeba mizigo wakacheka kwa furaha. Mama alimbana kifuani mpaka koti likaanguka. Nyumbani kulikuwa na mahamri, mbaazi za nazi, na embe zilizokatwa zamani tukisubiriwa.

Siku ya tatu maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana. Asubuhi yalijaa mpaka yakagonga ukuta wa pwani. Mchana tulipotembea hadi kijiji cha Shela, yalikuwa yametoka mbali, mashua zimelala ubavu, mchanga umebaki na mikunjo ya mawimbi. Binti akavua ndara, akakimbia, akazidi kuwa mdogo, hadi mahali ambapo saa sita kabla kina kingemfunika kichwa. Akasimama, akageuka, akapaza sauti upepo ukimletea kwangu vipande vipande:

"Mama! Si ulisema haiwezekani?"